Daftari moja kwa maua na watu: kuchora bila kuacha katika Nyanda za Juu Kusini

Mleta uzi, Mbeya

Swali linaloulizwa zaidi na watu wanaotaka kuanza kuchora ni la vifaa: penseli ipi, karatasi ipi, rangi gani. Swali la pili, ambalo huja baada ya miezi michache na huulizwa kwa sauti ya chini kidogo, ni kwa nini wameacha. Uzi huu unahusu hilo la pili.

Ninavyoona mimi, wengi huacha kwa sababu wamejiwekea masharti. Anayependa kuchora mimea na ndege husubiri apate nafasi ya kwenda uwanda wa Kitulo au kupanda mlima Rungwe, na anayependa kuchora watu husubiri apate mtu wa kukaa mbele yake akiwa ametulia, jambo ambalo katika nyumba zetu halitokei isipokuwa kwa mgonjwa au aliyelala. Basi wote wawili wanasubiri, na penseli inasubiri pamoja nao. Pendekezo langu ni kwamba mambo hayo mawili yaingie katika daftari moja bila mpangilio wowote, ukurasa wa jani la mparachichi ukipakana na ukurasa wa mama anayechambua maharage, kwa sababu kila moja linafundisha kile ambacho jingine haliwezi. Jani limetulia, kwa hiyo linakufundisha kupima. Mtu hatulii, kwa hiyo anakufundisha kuchagua.

Nusu ya kazi hii tulishafundishwa. Kila aliyesoma baiolojia sekondari anakumbuka masharti ya mchoro wa maabara: penseli iliyochongwa vizuri, mstari mmoja usiokatikakatika, hakuna kutia kivuli, mistari ya majina ya sehemu ichorwe kwa rula na isikatane. Ninafundisha somo hilo, na ninaweza kusema kwamba masharti hayo yalikusudiwa kumfanya mwanafunzi amwangalie panzi aliye mezani badala ya panzi aliye kitabuni, ingawa panzi wa kitabuni bado wanaletwa kwangu kila muhula. Kinachokosekana katika mchoro wa maabara ni mahali na wakati. Daftari la mazingira linaongeza hayo: tarehe, saa, kijiji au mtaa, mwinuko kama unaujua, hali ya hewa, na kitu kilichokuwa kikiendelea karibu na kile unachokichora. Mwalimu wa Kimarekani John Muir Laws, ambaye amewafundisha watu wengi njia hii, huwataka waandike pembeni ya mchoro mambo matatu: kile wanachokiona, kile wanachojiuliza, na kile ambacho kitu hicho kinawakumbusha. Mimi nalithamini zaidi lile la katikati, kwa kuwa swali ambalo halijajibiwa ndilo linalokurudisha kwenye mti uleule wiki inayofuata. Mwenye ukurasa uliokamilika hana sababu ya kurudi.

Chukua miti ya miombo iliyo kwenye miteremko ya chini huku kwetu. Mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati ardhi ni kavu na mvua haijanyesha, miti hiyo hutoa majani mapya mekundu, mengine ya rangi ya shaba, kisha wekundu huo hupungua taratibu na kuwa kijani. Anayepita kwa basi huona kilima chenye rangi nzuri. Anayechora tawi moja leo, akalirudia baada ya siku chache, na tena baada ya hapo, ataona kwamba majani ya ncha na majani ya shina la tawi hayabadiliki kwa wakati mmoja, na ataanza kujiuliza maji hayo mti unayatoa wapi. Hapo ameshashikwa.

Msimu nao uachwe upange kazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hicho ndicho kipindi ambacho uwanda wa Kitulo, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hufunikwa na maua. Eneo lake ni kilometa za mraba 412.9, mwinuko wake ni kama meta 2,600, na mimea yake ni zaidi ya aina 350, zikiwamo aina 45 za okidi za ardhini. Wenyeji huliita Bustani ya Mungu. Mwenye uwezo wa kwenda aende, apite kona za Chimala hadi Matamba, na asichume kitu. Okidi zinafaa sana kwa anayejifunza, kwa sababu ua lake lina upande wa kushoto na wa kulia unaolingana, hivyo unaanza na mstari wa katikati kama vile unavyoanza kuchora uso wa mtu. Aidha, zinamwadhibu mvivu wa kuangalia: okidi za jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu) ya Satyrium zina mirija miwili inayoning'inia nyuma ya ua, wakati zile za Disa zina mmoja tu. Aliyechora bila kuligeukia ua upande wa nyuma atakuwa amechora okidi isiyokuwapo duniani.

Lakini narudia kwamba Kitulo isiwe sharti. Mti wa uani unatosha mwaka mzima. Nitaeleza kuhusu watu nikiulizwa, maana najua hapo ndipo penye mvutano.

Mchangiaji, Makambako

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma kwa makini na nina hoja inayopingana kidogo na yako. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Nikiona ua au ndege, napiga picha tano kwa nusu dakika, na picha hizo zina rangi sahihi, tarehe, na hata mahali nilipokuwa. Umetaja Rungwe, kumbuka kwamba kipunji, kima wetu wa Rungwe na Kitulo, alitambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005 kwa njia ya picha. Kama picha ilitosha kumtambulisha mnyama mzima, kwa nini mimi nikae saa nzima nachora jani?

Mleta uzi

Marahaba. Mfano wako ni mzuri, na ndiyo maana nataka tuusome hadi mwisho wake. Watafiti walimwona kipunji Rungwe mwaka 2003, baada ya kusikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa, ambao walimjua siku zote na ndio waliokuwa na jina lake. Mwaka 2005 alielezwa kisayansi kwa kutegemea picha, na kwa kuangalia umbo la nje akawekwa katika jenasi ya Lophocebus. Kisha akapatikana mmoja aliyekufa katika mtego wa mkulima. Wataalamu wakapata mwili, fuvu na vinasaba, na mwaka 2006 wakalazimika kumtungia jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa sababu kwa vinasaba alionekana kuwa karibu zaidi na nyani wakubwa wa porini kuliko na wale aliofananishwa nao awali.

Sisemi picha haina kazi. Ilitambulisha. Ila lililokuwa chini ya ngozi halikuonekana katika picha, na hilo ndilo lililoamua mambo. Mchoraji hana haja ya kumpasua mtu yeyote, lakini mkono wake unapofuata mstari wa shina hadi linapogawanyika, anajikuta analazimika kuuliza tawi limeshikwa na nini, na jani limeota upande gani wa kikonyo, na kwa nini. Kamera haikulazimishi kuuliza hayo. Piga picha, kisha uchore. Wala usichore kutoka kwenye picha hiyo mpaka uwe umechora kwanza ukiwa hapohapo.

Na saa nzima sikuitaja. Dakika kumi zinatosha kwa jani.

Mchangiaji, Iringa mjini

Naomba tuingie kwenye suala la watu. Mimi ni mwanamke na ninapenda sana kuchora miili ya watu wakiwa kazini, lakini nina vikwazo viwili. Kwanza, video nyingi za mafunzo zinaanza na mtu asiyevaa nguo amesimama jukwaani, na hilo kwa malezi yangu na kwa mji wetu haliwezekani, wala silitaki. Pili, nikikaa sokoni nikamwangalia mtu kwa muda mrefu, anakasirika, au anakuja kuniuliza kama nimetumwa na halmashauri. Je, inawezekana kweli kujifunza mwili kwa mtu aliyevaa kitenge, sweta na koti juu yake?

Mleta uzi

Dada, inawezekana, na kwa baadhi ya mambo ni afadhali. Nitaanza na kuangalia watu, kwa kuwa bila hilo mengine hayana maana.

Omba ruhusa pale ambapo utakaa kwa zaidi ya dakika mbili tatu. Mwambie mama wa genge kwamba unajifunza kuchora, mwonyeshe kurasa za nyuma zenye maua na vikapu, na hapa utaona faida ya daftari moja: mtu anayeona jani la mgomba na kuku kabla ya kuona mtu, hukosa sababu ya kukushuku. Akikataa, shukuru uondoke. Usichore wagonjwa, wafiwa, wala watoto wa watu bila mzazi kujua, na usitoe daftari karibu na kambi, kituo cha polisi au mahali popote palipokatazwa picha. Kwa michoro ya nusu dakika hakuna haja ya kuomba, kwa sababu hakuna sura ya mtu ndani yake. Kuna mkao tu.

Mchoro wa haraka huo ndio moyo wa kazi. Unajipa sekunde 30, halafu dakika 1, halafu 2, na mara chache 5. Katika sekunde 30 huchori mtu bali unachora anachofanya: mstari wa uti wa mgongo kwanza, kutoka utosini hadi nyongani, kisha vipande viwili vikubwa, yaani kidari na nyonga, kila kimoja kikiinama upande wake, na mwisho miguu inayobeba uzito. Mikono, uso na nguo vinakuja kama muda umebaki, na mara nyingi haubaki. Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha kuchora New York hadi alipofariki mwaka 1938, alikuwa akisisitiza kwamba mchoro wa namna hii uende na mwendo wa mwili wote badala ya ukingo wake, na nadhani ndiyo sababu unawafaa watu ambao, kama sisi, hawana mtu wa kusimama tuli mbele yao.

Sasa kitenge. Nguo hutoa mikunjo kutoka pale inapovutwa: kifuani ilipofungwa, nyongani, gotini mtu akikaa, na kwenye kiwiko mkono ukikunjwa. Mikunjo hiyo inatoka kwenye sehemu iliyovutwa na kusambaa, kwa hiyo inakuonyesha mfupa uko wapi hata kama huuoni. Chora mikunjo mikuu mitatu au minne, uache mengine. Maua ya kitenge yachorwe mwisho kabisa, na yafuate mkunjo. Ukiyaanza mapema utakuwa unachora kitambaa kilichoanikwa kwenye kamba. Kuhusu sweta na koti, nakubali: Juni na Julai, hasa kwa wenzetu wa Makete na Njombe, mtu mzima huonekana kama gunia la viazi lenye kofia. Hapo tafuta sehemu zilizobaki wazi, yaani shingo, viganja, magoti na viatu. Ukijua viatu vinaelekea wapi na kichwa kiko wapi, katikati panajazika.

Tunachowazidi wachoraji wa jukwaani ni mizigo. Mtu anaposimama ameegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka, na ukidondosha mstari wima kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo, kati ya mitulinga miwili, utaangukia kwenye mguu unaobeba uzito. Hilo liko katika kila somo la kuchora mwili. Lakini mtazame mama anayetoka shambani Rungwe akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Kichwa hakiyumbi, shingo imesimama juu ya uti wa mgongo, na marekebisho yote yanafanyika kiunoni na kwenye nyonga, ambazo zinakwenda kushoto na kulia ili mzigo ubaki juu ya unyayo uliokanyaga. Kisha mtazame mchuma chai wa Mufindi mwenye kikapu mgongoni: yeye huinamia mbele, na kadiri kikapu kinavyojaa ndivyo anavyoinama zaidi. Aliyembeba mtoto mgongoni huinama pia, ila kidogo, na mkono mmoja mara kwa mara huenda nyuma. Chora hao watatu kwa mistari mitano kila mmoja, bila mzigo wenyewe, halafu mpe mwenzako akuambie nani amebeba nini na wapi. Akipatia, umeujua mwili kuliko aliyechora misuli yote ya tumbo kutoka kwenye video.

Na mvua inyeshapo, usikimbilie nyumbani. Watu wanaojikinga chini ya baraza la duka husimama hapohapo kwa dakika ishirini au zaidi, wakiwa hawana la kufanya, na hawajali nani anawaangalia kwa sababu wote wanaangalia barabara.

Mchangiaji, Njombe

Kaka, mimi nachora picha za watu kwa penseli kutokana na picha za simu, na hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya chumba. Ninatumia gridi: napiga miraba juu ya picha, napiga miraba mingine kwenye karatasi kubwa, nahamisha mraba mmoja mmoja. Wateja wanafurahi. Lakini juzi niliombwa kumchora bibi mmoja akiwa hai mbele yangu, na nilishindwa hata kuanza. Nifanye nini, na je, unasema gridi ni kosa?

Mleta uzi

Gridi si kosa, ni kazi, na kazi inayolipa kodi iheshimiwe. Wachoraji wameitumia kwa karne nyingi kukuzia michoro. Tatizo lake ni moja: inapima kwa niaba yako. Macho yako yamezoea mraba wenye jicho ndani yake, na bibi hakuja na miraba.

Jizoeze kupima kwa penseli. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kifunge, fumba jicho moja, linganisha ncha ya penseli na utosi wa mtu na kidole gumba na kidevu chake. Hicho ndicho kipimo chako. Kishushe uone kichwa kinaingia mara ngapi katika mwili wote. Mtu mzima aliyesimama huwa na urefu wa vichwa kama saba na nusu, na mtoto wa mwaka mmoja kama vinne, ndiyo maana mtoto anayechorwa kwa vipimo vya mtu mzima huonekana kama mzee mfupi. Nusu ya urefu wa mtu mzima inaangukia karibu na kinena, kiwiko kinakaa karibu na usawa wa kiuno, na kiganja kilichofunguliwa kinafunika uso kuanzia kidevuni hadi karibu na mwanzo wa nywele. Kiwiko kisipofungwa, kipimo kinabadilika kila unapoinua mkono, na kila kitu kitakwenda upande.

Kwa bibi aliyeketi, usihesabu vichwa sana. Angalia nafasi tupu: umbo la hewa lililo kati ya mkono wake na ubavu, au kati ya miguu ya kiti. Umbo hilo halina jina, kwa hiyo ubongo hauwezi kukudanganya kwamba unalijua tayari. Hapo ndipo mimea itakusaidia zaidi ya unavyotarajia, maana mgomba una majani makubwa yenye mianya kati yake, na haumwoni mchoraji haya. Tumia wiki chache kwenye mgomba kabla ya kumrudia bibi.

Mchangiaji, Tukuyu

Wenzetu wa Iringa na Makambako mna bahati ya ukavu. Huku kwetu mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na karatasi inanyonya unyevu hata ikiwa ndani ya begi. Penseli haishiki, peni ya wino wa mafuta inaruka, na kaunta buku linajikunja kama jani lililoungua. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku mwezi Juni 2019, hata ile njia ya kulifunga daftari kwenye rambo imeondoka. Naomba ushauri wa vitendo.

Mchangiaji, Uyole

Nimjibu ndugu yangu wa Tukuyu, kwa sababu nimefanya kazi Rungwe. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la kuhifadhia chakula, uweke karatasi zilizokatwa kwa kipimo cha kopo badala ya daftari zima. Toa karatasi moja, chora, irudishe. Ukifika nyumbani zikaushe mbali na jiko, kisha zishone kwa uzi. Penseli iwe 2B. HB ni ngumu na huchana karatasi yenye unyevu, na 6B hupakaa kila mahali. Kuhusu rangi, sina haja ya kununua: chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa nzito inatoa vivuli vizuri vya kahawia kwa brashi, na kahawa ya Mbozi inatoa vyeusi zaidi.

Mleta uzi

Ushauri huo wa kopo ni mzuri. Naongeza tu kwamba chai na kahawa hufifia zikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo zitumike kwa kurasa zinazofungwa, wala si kwa mchoro wa kutundika ukutani. Mkaa wa kuchorea pia unatengenezwa nyumbani: jaza vijiti laini vikavu kwenye kopo la bati, funga, toboa tundu dogo la kutolea moshi, weka kwenye moto mpaka moshi uishe, kisha liache lipoe kabisa kabla ya kulifungua, kwa sababu hewa ikiingia mapema vijiti vitakuwa majivu. Mkaa huo ni mzuri kwa watu, na mbaya kwa maua.

Mchangiaji, Kihesa, Iringa

Ninashangaa hakuna aliyetaja Igeleke. Hapo pembeni mwa mji wetu kuna michoro ya kale ya miambani, ya rangi nyekundu, ya watu na wanyama. Aliyeichora aliweka mtu na mnyama kwenye ukuta mmoja, na hakuhitaji mafunzo ya kuambiwa kwamba ni kazi moja.

Mleta uzi

Umenikumbusha jambo ninalolipenda. Ukilinganisha na michoro ya Kondoa, ambayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, utaona watu waliorefushwa mno, wenye miili myembamba, na bado unajua nani anakimbia na nani amesimama. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikwenda Kondoa mwaka 1951 kunakili michoro hiyo kwa mkono, ukuta kwa ukuta, na nakala zake zimebaki kuwa kumbukumbu, kwa kuwa miamba yenyewe inazidi kufifia. Kwa hiyo anayekwenda Igeleke achukue daftari, anakili kwa kuangalia, asiguse mwamba na wala asimwagie maji ili rangi ionekane, kama ambavyo baadhi ya wageni hufanya. Maji hayo yanaharibu.

Mchangiaji, Rungwe, ofisa ugani

Kwa kifupi: nimeanza kuchora majani ya kahawa yenye madoa nikiwa na wakulima, nikiandika shamba, tarehe na upande wa jani wenye doa. Kutu ya majani ya kahawa huonyesha unga wa rangi ya chungwa upande wa chini wa jani, na mkulima aliyeniona nikiligeuza jani ili nichore, sasa analigeuza mwenyewe. Kuchora watu sijafika huko.

Mleta uzi

Mchore huyo mkulima akiligeuza jani. Dakika moja tu.

Mchangiaji, Isongole

Mwalimu, nimemkuta kinyonga mwenye pembe tatu kwenye ua wa nyumba, na kwa mara ya kwanza nimepata kiumbe anayetulia. Watu wa nyumbani wanamwogopa na wamesema nisimlete ndani. Nimemchora mara kadhaa, mwili unakubali, lakini miguu inakataa. Inaonekana kama mikono ya kaa. Kuna kanuni yoyote?

Mleta uzi

Usimlete ndani, lakini kwa ajili yake, si kwa ajili yao. Akishikwa hubadilika rangi na mkao kwa hofu, na utakuwa unachora hofu. Kaa hatua kadhaa kutoka kwenye ua, upande ambao kivuli chako hakimwangukii. Vinyonga wenye pembe tatu wa milima ya Poroto na Rungwe hupatikana katika nyanda hizi tu, na pembe hizo ziko kwa dume, kwa hiyo andika pia kama ulimwona jike asiye nazo au mwenye pembe ndogo.

Kuhusu miguu, kanuni ipo. Kinyonga ana vidole vitano kila mguu, lakini vimeunganishwa katika mafungu mawili yanayobana tawi kama koleo. Katika miguu ya mbele fungu la ndani lina vidole vitatu na la nje viwili; katika miguu ya nyuma ni kinyume, la ndani viwili na la nje vitatu. Ukiwa umeichora yote minne sawasawa, ndiyo maana inakukataa. Anza na tawi, kwa sababu fungu la vidole linafuata unene wa tawi, kisha weka mafungu mawili kama vipande viwili visivyo na vidole, moja kila upande, na mwisho gawa vidole kwa mistari mifupi. Ni njia ileile ya kuchora kiganja cha mtu aliyeshika mpini wa jembe: mpini kwanza, kisha kiganja kama kipande kimoja, gumba upande wake, vidole baadaye. Jaribu vyote viwili katika ukurasa mmoja, kinyonga juu na jembe chini, ukipata picha iweke hapa tuone miguu ya nyuma.